Kuongeza Kemikali si Kuongeza Kasi

Kila mwaka nasahihisha mitihani ya majaribio ya kidato cha nne, na kila mwaka katika mada ya kasi ya mmenyuko nakuta jibu lile lile. Swali linauliza ni mambo gani yanayoathiri kasi ya mmenyuko wa kemikali. Mtahiniwa anaandika: mkolezo, jotoridi, eneo la uso, kichocheo. Akikumbuka anaongeza kanieneo ya gesi. Amepata alama zake. Kisha kipengele kinachofuata kinampa mmenyuko mmoja halisi, pamoja na jedwali la namba, na kumuuliza kwa nini kasi imeacha kuongezeka ingawa mkolezo umeongezwa. Hapo kalamu inasimama.

Maoni yangu ni kwamba kosa si la mtahiniwa peke yake. Sisi walimu tumempa orodha na kumwacha aamini kwamba orodha ndiyo elimu. Orodha ya mambo manne ni mwanzo tu. Swali lenye maana ni hili: katika mmenyuko huu ulio mbele yangu, ni jambo lipi linaloubana? Ukilijua hilo, unajua cha kubadilisha. Usipolijua, unaweza kumwaga kemikali hadi kesho na kasi ikabaki pale pale.

Najua mtihani wako utakuja kwa Kiingereza, na istilahi zake umezikuta katika sura zilizotangulia. Ukurasa huu nauandika kwa Kiswahili kwa makusudi, kwa sababu nimeona vijana wengi wanaoweza kukariri sentensi ya Kiingereza kuhusu eneo la uso, lakini ukiwauliza kwa lugha ya nyumbani kwa nini karasha lipo, wanakodoa macho.

Basi tuanze na karasha. Wewe unayesoma Geita, Nyarugusu, Nyang'hwale, Kahama au Mwakitolyo huhitaji kuelezwa safari ya jiwe. Linatoka kwenye duara likiwa na ukubwa wa ngumi au wa kichwa. Linapelekwa kwenye karasha, linapondwa na kusagwa hadi linakuwa unga. Unga unaoshwa mwaloni na dhahabu inakamatwa kwa zebaki. Kinachobaki ni marudio, na marudio hayatupwi, kwa kuwa ndani yake imo dhahabu ambayo zebaki imeshindwa kuikamata. Yanauzwa au kupelekwa kwenye matangi ya sayanaidi. Mgodi mkubwa wa Geita, uliofunguliwa mwaka 2000, nao unasaga mawe na kutumia sayanaidi, ila kwa vinu na matangi ya ukubwa mwingine kabisa. Kemia yake ni ile ile, na mlinganyo wake unaweza kuuelewa hata kama haumo kwenye muhtasari wako:

4Au + 8NaCN + O₂ + 2H₂O → 4NaAu(CN)₂ + 4NaOH

Njia hii iliandikishwa hataza mwaka 1887 na John Stewart MacArthur akishirikiana na madaktari wawili wa Glasgow, ndugu Robert na William Forrest. Mpaka leo, kote duniani, sehemu kubwa ya dhahabu inayotoka kwenye miamba hupitia mmenyuko huu. Utazame vizuri. Dhahabu ni yabisi, sayanaidi imo kwenye maji, na oksijeni ni gesi iliyoyeyuka kidogo tu katika maji hayo. Nitarudi kwenye oksijeni, maana ndiyo kiini cha maoni yangu.

Kwanza kusaga. Chukua mchemraba wa jiwe wenye upande wa sentimita 10. Una nyuso sita, kila moja sentimita za mraba 100, jumla 600. Ukate uwe vimchemraba vya milimita moja. Utapata vimchemraba 1,000,000, kila kimoja kina eneo la uso la sentimita za mraba 0.06, jumla 60,000. Jiwe ni lile lile, uzito ni ule ule, eneo la uso limeongezeka mara 100. Wakulima wa pamba wa Shinyanga wanalijua hili bila hesabu: robota lililoshindiliwa linaungua taratibu likifuka moshi, lakini nyuzi za pamba zilizotawanyika sakafuni zinashika moto kwa kufumba na kufumbua.

Hata hivyo kuna jambo ambalo vitabu vingi vya marudio hulipita. Ukisaga marumaru na kuitia asidi ya haidrokloriki, umebadilisha kasi tu; gesi itakayotoka mwishoni ni kiasi kile kile. Ukisaga mawe ya dhahabu umebadilisha kasi na pia kiasi, kwa sababu chembe za dhahabu zimefungiwa ndani ya jiwe, na sayanaidi haiwezi kumenyuka na kitu isichokigusa. Mtahiniwa anayeandika kwamba kusaga mawe ya dhahabu huongeza kasi bila kuathiri mavuno amekariri mfano wa marumaru na kuupeleka pasipo mahali pake. Isitoshe, kusaga kupita kiasi kuna adhabu yake. Katika vati isiyokorogwa, unga laini mno hugandamana kama tope na maji hayapenyi. Eneo la uso lipo kubwa, lakini halifikiwi.

Sasa nije kwenye simu niliyopigiwa. Mwanafunzi wangu wa zamani, aliyemaliza kidato cha nne na kwenda kufanya kazi kwenye mtambo mdogo wa kuchenjua marudio, alinipigia jioni moja.

“Shikamoo mwalimu.”

“Marahaba mwanangu, habari za kazi?”

“Kazi ipo, ila kuna jambo limetushinda. Bosi ameamuru tuongeze sayanaidi mara mbili ili dhahabu itoke haraka. Tumeongeza. Tumepima leo asubuhi, kasi ni ile ile. Sasa anasema tuongeze mara tatu.”

Nikamuuliza kama tangi linapulizwa hewa.

“Kompresa imekufa tangu Jumatatu, mwalimu. Fundi hajaja.”

Nilimwambia arudi kwenye mlinganyo na ahesabu. Hesabu yenyewe ni ya kidato cha tatu, ifanye nawe. Maji yenye jotoridi la sentigredi 25 hubeba takriban miligramu 8 za oksijeni kwa lita. Gawa kwa 32, unapata milimoli 0.25. Kila moli moja ya oksijeni inahitaji moli 8 za sayanaidi, kwa hiyo oksijeni hiyo inatosha milimoli 2 tu za sayanaidi ya sodiamu. Zidisha kwa 49, ambayo ni uzito wa molekuli yake. Unapata miligramu 98. Yaani oksijeni yote iliyo ndani ya lita moja ya maji, ikitumika hadi tone la mwisho, inaweza kufanya kazi na miligramu 98 tu za sayanaidi. Ukiweka miligramu 500 au 1,000 kwa lita, nyingine zote zinasubiri oksijeni mpya iingie kutoka hewani. Bila kompresa na bila kukoroga, oksijeni huingia polepole mno kupitia uso wa maji.

Kwa hiyo kasi ya tangi lile haikuamuliwa na sayanaidi. Iliamuliwa na oksijeni. Kuongeza sayanaidi mara mbili kulikuwa sawa na kuongeza wapishi katika jiko lenye sufuria moja.

Hapa ndipo sentensi uliyoikariri, kwamba kuongeza mkolezo wa vimenyushi huongeza kasi, inapohitaji kuchungwa. Ni kweli kwa kimenyushi kinachobana. Kwa kimenyushi ambacho tayari kimezidi, haibadilishi kitu. Ukiulizwa kwa nini grafu ya kasi dhidi ya mkolezo imepanda kisha ikalala, usiandike kwamba mmenyuko umekwisha. Andika kwamba jambo lingine ndilo linaloamua kasi sasa, na kama swali linaruhusu, litaje.

Na gharama yake haiishii kwenye mfuko wa mwenye mtambo. Sayanaidi isiyotumika haipotei kwa sababu haikutumika; inabaki kwenye maji yanayotoka tangini, na maji hayo yakitoroka yanaelekea mahali ng'ombe wanakonywa. Tena maji ya tangi hutiwa chokaa ili pH ibaki juu ya 10 hivi. pH ikishuka, sehemu ya sayanaidi hugeuka kuwa gesi ya haidrojeni sayanaidi, na gesi hiyo huua. Anayemwaga sayanaidi zaidi bila kupima pH anaongeza kitu kinachoweza kumdhuru yeye na wenzake, huku dhahabu ikitoka kwa mwendo ule ule wa jana. Wengi wenu mtakaa mbele ya matangi kama hayo likizo ijayo, au mna kaka na wajomba walioko huko sasa hivi. Ndiyo maana mada hii siichukulii kama mada ya kupatia alama sita tu.

Mtu aliyefika hapa ataniuliza: tulijuaje kwamba kasi ni ile ile? Tulipima. Na kupima ndiko kunakowaangusha watahiniwa kuliko nadharia yote.

Kasi ni badiliko la kiasi kwa muda. Unaweza kufuata gesi inayotoka, kwa sentimita za ujazo kwa sekunde. Unaweza kufuata uzito unaopungua chombo kikiwa juu ya mizani. Unaweza kufuata rangi inayofifia au tope linalojitokeza. Unachagua kinachoonekana katika mmenyuko wako. Mmenyuko usiotoa gesi usiupangie sirinji, na ukitoa haidrojeni ambayo ni nyepesi mno, mizani ya kawaida ya shule haitakusaidia sana.

Chukua mfano wa gramu 0.25 za kalisi kaboneti katika asidi ya haidrokloriki iliyozidi. Tuseme gesi imepimwa kila sekunde 30, ikasomeka 28, 44, 53, 58, 60, kisha 60 tena. Mtahiniwa mmoja atagawa 60 kwa 180 na kuita hiyo kasi. Amekosea, kwa sababu mmenyuko ulikwisha kwenye sekunde ya 150; sekunde 30 za mwisho hazikuwa na mmenyuko wowote. Kasi ya wastani ni 60 kwa 150, yaani sentimita za ujazo 0.4 kwa sekunde. Lakini kwenye sekunde 30 za kwanza ilikuwa 28 kwa 30, karibu 0.93. Kasi haikuwa moja. Ilianza kubwa ikapungua kadiri vimenyushi vilivyopungua, na hilo ndilo grafu inayopinda inalokuambia. Na kwa nini iliishia 60? Moli 0.0025 za kaboneti hutoa moli 0.0025 za gesi, na moli moja ya gesi katika jotoridi la chumba ni sentimita za ujazo 24,000. Zidisha uone. Ukitumia unga badala ya vipande, grafu itapanda wima zaidi na kulala mapema, lakini italala pale pale kwenye 60. Anayechora grafu ya unga ikiishia juu zaidi amesema, bila kujua, kwamba kusaga kunaumba maada.

Jaribio la alama ya X nalo lina mitego yake. Unachanganya sodiamu thayosalfeti na asidi ya haidrokloriki juu ya karatasi yenye alama, salfa inajitokeza, maji yanakuwa na ukungu wa njano, unasimamisha saa alama inapotoweka. Unapunguza thayosalfeti kutoka sentimita za ujazo 50 hadi 40, 30, 20 na 10, na kila mara unaongeza maji ili jumla ibaki 50 kabla ya kutia asidi. Wengi hawajui kwa nini maji yanaongezwa. Kina cha maji kikibadilika, kiasi cha salfa kinachohitajika kuficha alama hakiwi kimoja tena, na mkolezo wa asidi nao unabadilika. Utakuwa umebadilisha mambo matatu na kudai umepima moja.

Tuseme muda umetoka sekunde 24, 30, 40, 60 na 120. Namba hizi nimezichagua ziwe safi. Zako hazitakuwa safi hivi. Usiseme kwamba kasi imepanda kutoka 24 hadi 120. Muda mrefu ni kasi ndogo. Chukua moja gawanya kwa muda, kisha chora dhidi ya ujazo wa thayosalfeti. Utapata mstari ulionyooka unaopita kwenye sifuri. Maana yake: thayosalfeti ndiyo inayobana hapa, ukiiongeza mara mbili, kasi inaongezeka mara mbili. Linganisha na tangi la kijana wangu.

Niseme na hili, ingawa najua baadhi ya walimu wenzangu hawatalipenda. Tuache kupika matokeo. Katika shule moja niliyowahi kufundisha, maabara ilikuwa ndogo na wanafunzi waliingia kwa zamu. Kundi la kwanza lilifanya jaribio la X saa mbili asubuhi, la mwisho saa nane mchana, mwezi wa tisa, jua la Usukumani likiwa juu ya bati. Matokeo hayakulingana. Mwanafunzi mmoja wa kundi la mchana alileta sekunde chache kuliko “jibu” lililokuwa ubaoni, akaambiwa afute aandike za asubuhi. Nilinyamaza, na mpaka leo najilaumu. Yule mtoto alikuwa amepima sawasawa. Alichokuwa ameugundua ni athari ya jotoridi, mada ya wiki iliyofuata, nasi tulimfundisha kuifuta kwa raba. Andika jotoridi la chumba juu ya jedwali lako kila mara. Kama namba moja inakataa kukaa kwenye mstari, rudia. Ikikataa tena, iache ionekane na useme unadhani ni kwa nini.

Kuhusu jotoridi, kanuni ya kawaida kwamba sentigredi 10 huongeza kasi takriban mara mbili ni makadirio tu, yanayofaa kwa mimenyuko mingi lakini si yote. Sababu yake ndiyo inayokosewa. Wengi huandika kwamba chembe zinagongana mara nyingi zaidi, wakaishia hapo. Kutoka 25 hadi 35 mwendo wa chembe huongezeka kwa asilimia 2 hivi. Asilimia 2 haiwezi kuzaa mara mbili. Kinachoongezeka kwa kiasi kikubwa ni idadi ya chembe zenye nishati ya kutosha kuvuka kizingiti cha kuanzisha mmenyuko. Andika yote mawili, na la pili lipe uzito.

Kwenye tangi la sayanaidi hata jotoridi lina pande mbili. Ukipasha maji, mmenyuko wenyewe unapata nguvu, lakini oksijeni inakimbia: maji ya sentigredi 0 hubeba miligramu 14 na zaidi kwa lita, ya 25 hubeba 8 tu, na yakichemka karibu yote inatoka.

Kichocheo sitakaa nacho sana. Angalizo moja: magadi kwenye maharage si mfano mzuri wa kichocheo, ingawa nauona kila mwaka. Kichocheo lazima kibaki bila kutumika mwisho wa mmenyuko, na magadi hujawahi kuyatoa sufuriani ukayapima. Mfano mzuri upo duka la dawa. Nunua haidrojeni peroksaidi ya kuoshea vidonda, tia kipande cha kiazi kibichi, kisha chombo cha pili tia kiazi kilichochemshwa. Kibichi kitatoa povu la oksijeni, kilichochemshwa kitakaa kimya, kwa sababu kimeng'enya kimeharibiwa na joto.

Zebaki inanihusu kwa upande mmoja tu wa mada hii. Huchemka kwenye sentigredi 357, lakini hutoa mvuke hata ikiwa baridi mezani, na kasi ya mvuke huo huongezeka kwa joto. Anayechoma mchanganyiko wa dhahabu na zebaki kwenye mkaa, uani, watoto wakiwa karibu, ameupandisha mvuke huo hadi kiwango ambacho pua haiwezi kukigundua na mapafu hayawezi kukikataa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Chombo kilichofungwa, chenye bomba la kupoza mvuke, huirudisha zebaki iwe kimiminika ili itumike tena. Kama nyumbani wanachoma, waambie hivyo kabla hujawaambia kuhusu mtihani.

Shule yenu haina sirinji ya gesi? Nyingi hazina. Tumia chupa ya maji yenye kifuniko kilichotobolewa, mrija wa dripu ambao haujatumika, na chupa ya pili iliyojazwa maji na kufudikizwa kwenye beseni. Chora mistari ya ujazo kwa kalamu ya wino usiofutika, ukijaza maji sentimita za ujazo 10 kwa wakati kwa kutumia bomba la sindano. Asidi ikikosekana, siki na maganda ya mayai yatatosha, ingawa kwa mwendo wa pole sana. Pima kundi moja la maganda yaliyovunjwa vipande na jingine lililotwangwa, uzito sawa, siki sawa, chumba kimoja, saa moja. Tumia saa ya simu. Chora grafu mbili kwenye mihimili ile ile, na kama hazikuishia kwenye kimo kimoja, tafuta kwanza mahali gesi inapovuja na uangalie kama maganda yote yameisha, ndipo uandike hitimisho.